VPN ikikatika, simu inyamaze: mwongozo kamili wa kuziba mwanya

Tatizo linarudi kila mara kwa sura ileile. Mtu anaweka VPN, programu inayopitisha intaneti yake kwenye seva ya mbali kwa njia iliyosimbwa, anaona alama ya ufunguo juu ya kioo, anatulia. Dakika kumi baadaye mega zinakwisha, au simu inahama kutoka Wi-Fi kwenda data, au umeme unakatika na ruta inazimika. Ufunguo unapotea kimya kimya. Simu haimuulizi mwenyewe chochote: inaendelea kupeleka na kupokea kwa njia ya kawaida, kwa anwani yake halisi ya IP (namba inayoitambulisha mtandaoni), mpaka VPN irudi.

VPN itakatika tu. Goma, Bukavu au Lubumbashi, hakuna VPN isiyokatika. Linaloleta madhara ni kile simu inachofanya katika sekunde zinazofuata. Kwa hiyo kazi hapa ni moja: kuipanga simu na kompyuta ili VPN ikianguka, intaneti yote isimame. Ukiona kila kitu kimekwama, ujue ulinzi unafanya kazi.

Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kifaransa, maana ndivyo yanavyoonekana kwenye simu nyingi za huku.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Simu yenye Android 8 au zaidi. Toleo hilo la mwaka 2017 ndilo la kwanza kuwa na kizuizi tutakachokitumia. Angalia chini ya *À propos du téléphone*.
- Programu moja ya VPN, moja tu. Nyingine zote ziondoe.
- Faili ya kusakinisha VPN hiyo (APK), iliyopakuliwa kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe na kuhifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Siku Play Store ikizuiwa, hutapata pa kuichukua.
- Mega 50 hivi kwa ajili ya majaribio.
- Simu ya pili au kompyuta, ya kujaribia hotspot.
- Kalamu na karatasi.
- Saa moja ambayo hakuna anayekusubiri kwenye WhatsApp. Utakata intaneti mara nyingi.

## Kinachovuja hasa

Wengi huogopa visivyo, wakaacha vinavyostahili kuogopwa.

VPN ikikatika bila kizuizi, kampuni yako ya simu haianzi kusoma ujumbe wako wa WhatsApp wala nywila ya benki. Hizo zimefungwa kwa usimbaji wake wenyewe. Inachoanza kuona ni majina ya tovuti unazofungua, saa ulipozifungua, na kiasi cha data kilichopita. Upande wa pili, tovuti yenyewe inaona anwani yako halisi ya IP, ambayo inataja nchi na kampuni ya simu.

Kwa mtu anayetazama mpira hilo ni dogo. Kwa mwandishi wa habari, wakili, mtetezi wa haki au mama anayeuliza mambo ya afya yake, anwani moja iliyoonekana mara moja inatosha kuunganisha akaunti na mtu.

Hata VPN iliyosimama imara haifichi simu za kawaida, SMS, wala mnara unaokuhudumia. Kampuni ya simu inaviona vyote vitatu siku zote. Hakuna mpangilio wowote hapa chini unaobadilisha hilo.

## Hatua ya 1: Chagua VPN moja na ufute nyingine

Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwa na tatu, ya pili ikijiwasha inaiangusha ya kwanza, nawe unadhani mtandao ndio mbaya.

Kama huna fedha za kulipa, Proton VPN ina mpango wa bure usio na kikomo cha data, na RiseupVPN haidai hata kufungua akaunti. Zote mbili zinatosha kwa kazi hii.

Onyo. Faili za "internet ya bure" zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, zile za kufunguliwa kwa HTTP Custom au HA Tunnel Plus, usizihesabu kuwa ulinzi. Nyingi zimefungwa ili usione seva iliyomo. Aliyeitengeneza faili ndiye anayejua data yako inapita wapi, nawe humjui. Atakupa mega, lakini siri yako umeiweka mikononi mwake.

Ukimaliza, fungua VPN uliyoichagua, iunganishe mara moja na ukubali ombi la Android. Bila hatua hiyo, haitaonekana kwenye orodha ya hatua ya tatu.

## Hatua ya 2: Andika anwani yako halisi

Fanya hivi sasa, kabla ya kuweka kizuizi. Baadaye itakuwa taabu.

Zima VPN. Fungua kichupo cha faragha kwenye kivinjari, nenda ipleak.net. Andika kwenye karatasi anwani ya IP, jina la kampuni iliyotajwa, na seva za DNS zilizoorodheshwa (zile zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba). Washa VPN, fungua ukurasa upya, andika tena. Sasa una safu mbili: "bila" na "na". Majaribio yote yatakuwa kulinganisha na safu hizo.

Ukiona seva za DNS za kampuni yako ya simu kwenye safu ya "na", VPN yako inavuja hata ikiwa imesimama. Usiendelee nayo. Chagua nyingine.

## Hatua ya 3: Washa kizuizi cha Android

Hiki ndicho kiini cha kazi yote.

Nenda *Paramètres > Réseau et Internet > VPN*. Kwenye Samsung ni *Connexions > Plus de paramètres de connexion > VPN*. Kwenye Tecno, Infinix na itel menyu hubadilika kati ya modeli na modeli, kwa hiyo andika "VPN" kwenye kisanduku cha kutafuta juu ya mipangilio.

1. Gusa alama ya gurudumu la meno kando ya jina la VPN yako.
2. Washa *VPN permanent*. Hii inaiambia Android iiwashe VPN yenyewe simu inapowaka, na iinue tena ikianguka.
3. Washa *Bloquer les connexions sans VPN*. Hii ndiyo inayofunga mlango.

Watu wengi huwasha ya kwanza wakaishia hapo. *VPN permanent* peke yake huinua VPN iliyoanguka, lakini mlango unabaki wazi muda wote inapoinuka. Kwenye mtandao dhaifu wa jioni, muda huo unaweza kufika dakika nzima. Ndani ya dakika hiyo barua pepe inasawazishwa, WhatsApp inaunganishwa, na kivinjari kinafungua upya kurasa zake.

Kwa nini tusitumie kitufe kinachoandikwa Kill Switch ndani ya programu ya VPN? Kwa sababu kitufe hicho kinategemea programu iwe hai. Simu ikikosa kumbukumbu na kuiua programu, mlinzi anakufa pamoja na mlango. Kizuizi cha Android kinashikiliwa na mfumo wenyewe, hata programu ikiwa imekufa. Kitufe cha ndani kitumie tu ikiwa simu yako haina kipengele nilichotaja.

Ukishawasha, fungua programu ya VPN na uangalie kama kuna programu ulizozitoa nje ya handaki, yaani njia iliyosimbwa ya VPN. Kizuizi kikiwa kimewashwa, programu hizo hukosa intaneti kabisa. Ndiyo sababu wengine hulalamika kwamba programu ya benki "imekufa tangu niweke VPN", wakazima kizuizi chote kwa ajili yake. Usikizime. Pesa za simu zina njia ya USSD, ile ya kupiga nyota na alama ya reli. Haipiti kwenye intaneti, VPN haiigusi, na inafanya kazi hata mega zikiwa zimekwisha.

Utajua umefaulu ukizima VPN kwa mkono na kivinjari kikasema hakuna muunganisho, ilhali alama ya 4G bado iko juu ya kioo.

Mwanya mdogo unabaki, na ni wa Android yenyewe. Mwaka 2022 watengenezaji wa VPN ya Mullvad walionyesha kwamba hata kizuizi kikiwa kimewashwa, simu hutuma nje ya handaki vipimo vifupi vya kujua kama mtandao una intaneti. Havisemi unasoma nini. Vinaonyesha tu kwamba simu hiyo iko kwenye mtandao huo saa hiyo. Kwa watu wengi hilo linavumilika. Kama kwako halivumiliki, usiwashe data wala Wi-Fi ya simu hiyo mahali usipotaka ijulikane.

## Hatua ya 4: Zuia simu isiiue VPN

Simu za bei nafuu zina bidii kupita kiasi katika kuokoa betri. Unafunga kioo, dakika tano baadaye mfumo unaifunga VPN. Kwa kuwa sasa kizuizi kipo, data haivuji, ila utashangaa kwa nini ujumbe hauingii mpaka ufungue simu. Ukichoka na hali hiyo utazima kizuizi. Hivyo hatua hii ndiyo inayokiweka kizuizi hai.

Bonyeza jina la programu ya VPN kwa muda, gusa *Infos sur l'appli*, kisha *Batterie*, na uchague isiyo na vizuizi: kwenye simu nyingi ni *Sans restriction*, kwenye Samsung *Non restreinte*.

Kwenye Tecno na Infinix kuna mlango wa pili. Fungua Phone Master, tafuta sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, uiruhusu VPN. Halafu rudi kwenye orodha ya programu za hivi karibuni na uifunge kwa alama ya kufuli, ili kitufe cha kusafisha kumbukumbu kisiiguse.

Utajua umefaulu ukiacha simu mezani kioo kikiwa kimezimwa kwa dakika 30, ukaiwasha na kukuta ufunguo bado upo.

## Hatua ya 5: Punguza kukatika kwenyewe

### Ukikaa karibu na mpaka

Watu wa Birere, wa karibu na Petite Barrière na Grande Barrière pale Goma, na wale wa upande wa Ruzizi pale Bukavu, wanajua jinsi simu inavyodaka minara ya Rwanda. Wafanyabiashara wa Lubumbashi huona jambo hilohilo wakifika Kasumbalesa, kwa minara ya Zambia. Kila simu inapohama mtandao, anwani hubadilika, na VPN nyingi huanguka.

Zima *Itinérance des données*. Kisha nenda *Réseau mobile > Opérateurs réseau*, zima uteuzi wa moja kwa moja, subiri dakika moja hadi tatu simu itafute, uchague kampuni yako. Simu haitahama tena.

Onyo. Ukisafiri nje ya eneo la kampuni hiyo, simu itakaa bila mtandao mpaka urudishe uteuzi wa moja kwa moja. Usisahau, hasa ukiwa unasafiri na mgonjwa.

### Wi-Fi na data zisishindane

Simu nyingi zina mpangilio wa kurukia data Wi-Fi ikiwa dhaifu. Uzime. Chagua moja: uko kwenye Wi-Fi, data imezimwa; uko kwenye data, Wi-Fi imezimwa. Kuruka huku na kule kunavunja handaki mara nyingi.

### Kama unatumia WireGuard

WireGuard ni aina ya VPN inayopangwa kwa faili. Weka mistari hii miwili kwenye faili ya mipangilio, wa kwanza chini ya `[Interface]`, wa pili chini ya `[Peer]`:

`MTU = 1280`

`PersistentKeepalive = 25`

MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data; ya kawaida ya WireGuard kwenye kompyuta ni 1420. Kwenye baadhi ya mitandao ya simu pakiti kubwa kiasi hicho hukwama, na dalili yake ni ya ajabu: WhatsApp inapeleka maandishi lakini picha hazifunguki. Ukishusha hadi 1280, hukwamuka.

Mstari wa pili unatuma pakiti ndogo kila sekunde 25 ili kampuni ya simu isiufute muunganisho ikidhani umelala. Usiogope mega: hesabu yake haifiki nusu mega kwa siku nzima. WireGuard yenyewe huongeza baiti 60 kwa pakiti ya IPv4, yaani takriban asilimia 4 ya pakiti kubwa.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa makusudi

Usiniamini, wala usiiamini alama ya ufunguo. Ivunje VPN mwenyewe ukiwa umeketi, ukiwa na karatasi yako.

Tumia kichupo cha faragha kila mara. Kichupo cha kawaida kinaweza kukuonyesha ukurasa wa zamani uliohifadhiwa, ukadhani intaneti inapita wakati haipiti, au kinyume chake.

Jaribio la kwanza: kuzima kwa mkono. Katisha VPN ndani ya programu yake. Fungua ipleak.net. Lazima ishindwe. Mtumie rafiki ujumbe wa WhatsApp: unapaswa kubaki na alama ya saa ndogo, bila tiki hata moja.

Jaribio la pili: kuua programu. *Infos sur l'appli > Forcer l'arrêt*. Sasa fungua ukurasa. Ama intaneti imekufa, ama Android imeinua VPN yenyewe na unaona anwani ya VPN. Yote mawili ni sawa. Ukiona anwani ya safu ya "bila", kizuizi hakijawashwa. Rudi hatua ya 3.

Jaribio la tatu: kuzima na kuwasha simu. Hili ndilo linaloangusha wengi. Washa simu upya, ifungue kwa nywila, na usiiguse VPN. Fungua kivinjari haraka kabla ufunguo haujatokea. Lazima ukute ukimya, kisha ufunguo, kisha intaneti, kwa mpangilio huo.

Jaribio la nne: kuhama mtandao. Ukiwa kwenye Wi-Fi fungua ipleak.net, zima Wi-Fi, washa data, onyesha upya ukurasa mara tano au sita mfululizo. Anwani halisi isionekane hata mara moja.

Jaribio la tano: mega kuisha. Huwezi kulipanga, lakini siku forfe ikiisha, angalia. Baadhi ya kampuni hukupeleka kwenye ukurasa wao wa kununua. Kizuizi kikiwa imara, ukurasa huo hautafunguka. Nunua kwa USSD.

Rudia majaribio manne ya mwanzo kila unaposasisha Android au programu ya VPN. Sasisho linaweza kurudisha mipangilio ya betri mahali pake pa zamani bila kukuambia.

## Mashimo ambayo kizuizi hakiyafuniki

Hotspot. Hili linaumiza watu wengi huku kwetu, maana kugawana mega ni desturi. Kwenye Android ya kawaida, data ya kifaa kilichounganishwa na hotspot yako haipiti kwenye VPN ya simu yako. Kompyuta yako inatoka moja kwa moja, kwa anwani halisi ya kampuni ya simu, huku ufunguo ukimetameta juu ya kioo. iPhone nayo ni hivyohivyo. Jaribu kwa simu ya pili uone. Dawa ni kuweka VPN na kizuizi kwenye kompyuta yenyewe.

Wasifu wa pili. VPN ya Android inahudumia wasifu mmoja. Kama una wasifu wa kazini au mtumiaji wa pili kwenye simu, kila mmoja unahitaji VPN yake na kizuizi chake. WhatsApp ya pili iliyonakiliwa na simu ijaribu kivyake kwa ile alama ya saa ndogo. Isipojaribiwa, usiitumie kwa jambo la siri.

DNS privé. Kipengele hiki kipo tangu Android 9. Ukiwa umeandika seva maalumu pale, kinaweza kupishana na DNS ya VPN yako. Kiache kwenye *Automatique*, isipokuwa simu yako haina kizuizi. Hapo weka `dns.quad9.net`: VPN ikianguka, angalau maswali ya majina ya tovuti yatabaki yamesimbwa.

## iPhone

Hapa nitasema ukweli bila kupamba: iPhone ya mtu binafsi haina kizuizi kama cha Android. VPN isiyozimika ipo kwa simu zinazosimamiwa na kampuni tu.

Ulicho nacho ni kujiwasha kwa mahitaji. Kwenye WireGuard, washa kipengele hicho kwa Wi-Fi na kwa data ya simu, vyote viwili. Kwenye VPN zilizowekwa ndani ya mfumo, nenda *Réglages > Général > VPN et gestion de l'appareil > VPN*, gusa herufi "i", uwashe kipengele cha kujiunganisha kwa mahitaji.

Tatizo la pili: Machi 2020 Proton walitangaza kwamba miunganisho iliyokuwa wazi kabla ya VPN kuwashwa inaweza kuendelea kupita nje ya handaki. Kinachosaidia ni mpangilio huu: washa VPN, washa *Mode Avion*, hakikisha Wi-Fi nayo imezimwa, hesabu hadi kumi, zima *Mode Avion*, subiri VPN irudi ndipo ufungue programu. Kufanya hivyo kunapunguza hatari, hakuimalizi. Kwa kazi nyeti kabisa tumia Android iliyopangwa vizuri au kompyuta.

## Kompyuta: pale delestaje inapoleta hatari

Umeme ukikatika Lubumbashi saa mbili usiku, ruta inazimika lakini kompyuta inaendelea kwa betri. Umeme ukirudi, kompyuta inadaka Wi-Fi kabla hujaketi, na programu za kuhifadhi faili mtandaoni zinakimbilia kupeleka kabla ya VPN.

### Windows

Anza na jambo rahisi: kwenye Wi-Fi ya nyumbani na ya kazini, ondoa tiki ya *Se connecter automatiquement*. Sasa wewe ndiye unayeamua lini mlango unafunguliwa.

Kisha kizuizi. Programu nyingi zina ngazi mbili. Ya kawaida inafunga intaneti VPN ikianguka kwa bahati mbaya. Ya juu, ambayo Proton wanaiita ya hali ya juu na Mullvad wanaiita hali ya kufungia, inafunga hata ukizima VPN mwenyewe au ukiwasha kompyuta upya. Chagua ya juu.

Kwa WireGuard, fungua handaki kwa kulihariri. Ikiwa mstari wa `AllowedIPs` ni `0.0.0.0/0, ::/0`, utaona chini ya dirisha kisanduku cha kuzuia kila kitu kisichopita kwenye handaki. Kitie tiki. Ujue mpaka wake: kinalinda handaki likiwa limewashwa na seva imenyamaza. Ukilizima handaki kwa mkono, kizuizi kinaondoka nalo.

Usiiondoe `::/0`. Hiyo ndiyo IPv6, aina mpya ya anwani za IP. Ukiifuta, mtandao wenye IPv6 utapita pembeni ya VPN bila kelele.

### Linux

Hapa ndipo ulinzi ulio imara kuliko wote, kwa amri chache za ufw, programu ya kuruhusu na kuzuia mtandao. Weka anwani ya namba ya seva yako mahali pa `IP_YA_SEVA`:

`sudo ufw default deny incoming`

`sudo ufw default deny outgoing`

`sudo ufw allow out on wg0`

`sudo ufw allow out to IP_YA_SEVA port 51820 proto udp`

`sudo ufw enable`

Mistari miwili ya kwanza inafunga kila kitu. Wa tatu unaruhusu kinachopita ndani ya handaki. Wa nne unaruhusu handaki lenyewe liifikie seva yake. Kwa OpenVPN, badilisha `wg0` iwe `tun0`, na namba ya mlango (`port`) iwe 1194 au ule ulioandikwa kwenye faili yako.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza: faili ya VPN ina jina la seva badala ya namba. Kompyuta haiwezi kuuliza jina hilo, maana DNS imefungwa, na VPN haiinuki kamwe. Weka namba kwenye mstari wa `Endpoint`. La pili: mtu anataka printa ya ofisini, anaruhusu mtandao wote wa `192.168.1.0/24`. Ruta iko ndani ya mtandao huo, na maswali ya DNS yanatoka kupitia kwake. Ruhusu anwani ya printa peke yake.

Angalia pia kwamba `/etc/default/ufw` ina `IPV6=yes`, la sivyo umefunga dirisha moja na kuacha la pili. Ukikwama kabisa, `sudo ufw disable` inarudisha hali ya zamani.

## Wi-Fi ya hoteli au ya ofisi yenye ukurasa wa kuingia

Mtandao unadai ufungue ukurasa na uandike namba ya chumba kabla ya kukupa intaneti, na VPN haiwezi kusimama kabla ya hapo. Hapa kizuizi kinagombana na ruta.

Ushauri wangu ni kutumia mega zako na kuiacha hiyo Wi-Fi. Kama hakuna njia nyingine: funga programu zote, zima usawazishaji wa akaunti, zima kizuizi, ingia kwenye ukurasa ule mmoja tu, washa VPN, washa kizuizi, halafu rudisha usawazishaji. Usifungue kichupo kingine katikati. Ukiondoka, isahaulishe simu Wi-Fi hiyo ili kesho isiunganike yenyewe ukipita mlangoni.

## Imekatika sasa hivi na hukuwa na kizuizi

1. Washa *Mode avion* na uangalie Wi-Fi imezimika nayo. Usianze kwa kufungua programu ya VPN. Hizo ni sekunde kumi za kuvuja zaidi.
2. Usionyeshe upya ukurasa, wala usifunge akaunti kwa kutoka. Kutoka nako ni ombi linalopelekwa kwa anwani halisi.
3. Funga kivinjari na programu zilizokuwa wazi.
4. Weka kizuizi cha hatua ya 3, kisha zima *Mode avion*.
5. Subiri ufunguo, angalia anwani ipleak.net, linganisha na karatasi.

Sasa jiulize: ni akaunti zipi zilikuwa wazi? Akaunti yenye jina lako halisi haijapoteza kitu kikubwa. Akaunti uliyoitenga na jina lako ni jambo jingine. Seva imeshaandika anwani yako, na hakuna namna ya kuifuta kutoka kwako. Ihesabu akaunti hiyo kuwa imejulikana. Fungua nyingine kupitia VPN, kwa barua pepe mpya, na wale unaowasiliana nao wape habari kwa njia nyingine.

Na kwa kazi ambayo kosa moja haliruhusiwi, ongeza Tor Browser juu ya VPN: ni kivinjari kinachopitisha data yako kwenye seva kadhaa ili kuficha anwani yako. VPN ikianguka, kampuni ya simu itaona kwamba unatumia Tor, lakini haitaona unakokwenda, na tovuti haitaona anwani yako. Tor ikizuiwa, fungua mipangilio yake ya muunganisho, uchague daraja (njia mbadala ya kuingilia Tor) la Snowflake au obfs4. Ni ya polepole, picha zinachelewa, na kwenye 3G inahitaji uvumilivu. Iweke tayari na uijaribu leo mtandao ukiwa mzuri, maana siku utakapoihitaji huenda hutaweza kuipakua.